Kiolezo Chenye Herufi Zangu

Vijana wangu mnaochora kwa kompyuta, mkinikuta hapa Ngokolo mnaniuliza habari za programu mpya, na mimi nawajibu kwa swali ambalo naona linawaudhi: hicho kiolezo unachoanzia kazi, nani alikitengeneza, na wewe umekisoma lini? Mnacheka. Mmoja wenu aliniambia, "Mama Kulwa, wewe huiamini hata saa ya ukutani." Ni kweli. Sebuleni kwangu kuna saa mbili.

Kwa ambao hawajafika huko, nieleze. Mchoraji anapoanza mchoro mpya kwenye kompyuta haanzi na karatasi tupu. Anaita faili maalumu liitwalo kiolezo, sisi ofisini tulisema templeti, nalo linamletea fremu ya karatasi, vipimo, unene wa mistari, ukubwa wa herufi, kisanduku cha majina kwenye kona ya chini kulia, na safu ya maelezo ya jumla kwa fundi. Kazi ya asubuhi nzima inakwisha kwa kubofya mara mbili. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Kitu kikinipa asubuhi nzima bure, nataka kujua kimeitoa wapi.

Tabia hii nilirithi kwa Mzee Bundala, aliyenifundisha kazi hapa Shinyanga mjini enzi za ubao na wino. Alikuwa na kabati la karatasi zilizokwisha kuchapwa fremu, violezo vya siku hizo. Kila akitoa moja, kabla ya kuweka nukta, aliipima fremu pande zote nne kwa rula ya chuma. Nikamuuliza, "Mzee, si zilichapwa zote pamoja?"

"Zilichapwa pamoja," akasema, "lakini hazikulala pamoja. Hii ilikuwa juu, ile ilikuwa chini, na masika yamepita hapa katikati. Karatasi inakunywa maji, Mariamu. Pima."

Nilipima huku nanuna. Ya tatu ilikuwa imetanuka milimita tatu upande mmoja. Mzee alichukua ile karatasi, akaichana, akaniwekea vipande mezani ili vinitazame mpaka saa ya kutoka.

Nilipohamia Geita, kwenye ofisi ya wahandisi pale Kalangalala, ubao ulikuwa umeshaondolewa na kompyuta zimewekwa. Tulichora maghala, nyumba za wafanyakazi wa machimbo, madarasa, zahanati. Nami nilikosea kama wengine. Kuna siku nilichora bakuli la choo kwenye faili lililoanza na kiolezo cha inchi, bila kujua, kisha nikaliingiza kwenye mchoro wa nyumba ya mlinzi uliokuwa wa milimita. Choo kikatokea kikubwa kuliko nyumba. Mlinzi angeweza kupanda mahindi ndani yake. Ndipo nilipojua kwamba ukiandika mia tisa, kompyuta inaona mia tisa tu. Mia tisa za nini, hilo limeamuliwa na kiolezo kabla wewe hujaketi.

Mwenzetu mwingine alifanya makubwa zaidi. Badala ya kuanza mchoro kutoka kwenye kiolezo, alikifungua kiolezo chenyewe, akachora humo shimo la maji taka, akahifadhi, akaenda zake kunywa chai. Wiki nzima kila mchoro mpya ulizaliwa na shimo kwenye kona. Tulilifuta kila tulipoliona. Moja hatukuliona, na mwalimu mkuu wa shule fulani akatupigia simu kwa adabu zote kuuliza kwa nini uwanja wake wa mpira umewekewa shimo la choo.

Baada ya aibu hiyo nikajitolea. Nilichukua mchoro wa ghala tulilokuwa tumejenga nje kidogo ya mji wa Geita, nikafuta jengo, nikabakiza fremu, kisanduku na maelezo, nikauhifadhi kama kiolezo cha ofisi. Nikakifunga kwa neno la siri ili asiwepo wa kukichezea. Neno hilo tulilijua wawili: mimi, na Ambokile aliyekuwa anasimamia kompyuta zetu.

Ambokile alikuwa mtu wa Mbeya, anakaribia miaka arobaini, mpole, mchoraji mwepesi. Kila asubuhi alinipa shikamoo kabla hajaweka begi. Mimi nilimtilia shaka tangu wiki ya kwanza. Alikuwa anajua mambo ya kompyuta nisiyoyajua, na alikuwa haoneshi kwamba anayajua, jambo ambalo kwangu lilikuwa baya zaidi. Akipigiwa simu alitoka nje kuzungumza Kinyakyusa. Bosi wetu, Injinia Deo, alianza kumwita ofisini kwake peke yake. Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na kila mlango uliofungwa niliuona unafungwa kwa ajili yangu.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Asubuhi moja simu yangu ililia. Alikuwa Fundi Masanja, Msukuma mwenzangu, aliyekuwa anajenga wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Songwa, kule Kishapu.

"Mwangaluka, mayu," alisema. Hivyo ndivyo tunavyomwamkia mama kwetu.

"Mwangaluka, Masanja. Kuna nini?"

"Kuna mchoro wako hapa. Unaniambia nichimbe msingi sentimita sitini nitakuta changarawe ngumu. Mayu, changarawe hiyo umeiona wewe? Huku ni mbuga. Udongo mweusi. Nikichomeka nondo inazama yenyewe. Nilimwambia msimamizi, akasema fuata mchoro. Nimefuata upande mmoja. Juzi mvua imenyesha, leo ukuta umepasuka, kidole changu kinaingia."

Mtu yeyote aliyezaliwa Usukumani anaujua udongo wa mbuga. Kiangazi unakauka na kupasuka, ng'ombe anaweza kuvunjika mguu humo. Masika unakunywa maji na kuumuka, unainua kilicho juu yake. Hujengi juu ya udongo huo kwa msingi wa sentimita sitini. Hata banda la kuku ungelifikiria mara mbili.

"Masanja," nikasema, "mimi sijachora jengo hilo."

"Pembeni pameandikwa, imechorwa na M.K. Kama si wewe, ni nani?"

Nilikaa na simu mkononi. M.K. ndizo herufi zangu, ofisi nzima inazijua. Sikuwahi kuuona mchoro wa wodi hiyo. Na nilijua ni nani aliyepewa kazi hiyo.

Siku ileile nilipanda gari la ofisi na Injinia Deo tukaenda. Masanja alitusubiri hapo hapo, viatu vyake vizito kwa tope. Alitusogezea nondo, nami nikaikandamiza kwenye mtaro kwa mkono mmoja. Ilizama kama kisu kwenye ugali. Ule ufa ulianzia chini ya msingi ukapanda safu sita za tofali. Nesi wa zahanati alitoka kutusalimia, akatuonesha chumba wanachozalishia sasa, kitanda kimoja na pazia, na mama mmoja amekaa kwenye benchi nje, anasubiri mwenzake amalize. "Tukisikia nyundo huko nje tunafurahi," nesi akasema. "Leo kimya. Kwani kuna tatizo?"

Injinia Deo alimjibu kwamba ni marekebisho madogo. Mimi nilitazama pembeni.

Njiani kurudi nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. Kwamba mtu ameweka herufi zangu kwenye mchoro wake ili jambo likiharibika nibebe mimi. Kwamba kiolezo nilikifunga kwa neno la siri, na aliyelijua zaidi yangu ni mmoja. Kwamba maelezo yale ya changarawe lazima yamechezewa. Niliongea kwa kirefu, na kadiri nilivyoongea ndivyo kila kitu kilivyoonekana kupangika. Hata zile simu za Kinyakyusa nilizitia humo.

Kesho yake Ambokile aliitwa. Mimi nilikuwepo.

"Umechora wewe?" Injinia Deo akauliza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Kwa nini kuna herufi za Mama Kulwa?"

Ambokile alinitazama kama mtu anayengoja nimsaidie kujibu. "Zimo kwenye templeti, Injinia. Na maelezo ya msingi pia yamo humo. Nilimuuliza Mama kama niyabadilishe, akaniambia nisiguse."

"Hujawahi kuniuliza kitu kama hicho," nikasema. Nilisema bila kusita, na wakati huo nilikuwa naamini kabisa ninachosema. Mkumbuke hilo. Sikudanganya. Nilikuwa na hakika.

Injinia Deo akamwambia akae nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Ambokile alichukua begi lake. Mlangoni alisema, "Mama, kwaheri," nami sikuitikia.

Alipotoka tu nilikwenda kwenye meza yake kutafuta ushahidi. Nilitaka kuona ni siku gani alikifungua kiolezo changu. Niliingia kwenye taarifa za faili, mahali panapoonesha nani alihifadhi mara ya mwisho na lini. Nanyi mjifunze kupaangalia, hapadanganyi kirahisi. Kiolezo kilikuwa hakijaguswa. Aliyekihifadhi mara ya mwisho nilikuwa mimi, siku ileile niliyokitengeneza.

Nikasema moyoni, amefuta alama. Anajua kompyuta huyu. Nikalifungua faili la lile ghala la zamani la Geita, nikaweka maelezo yake kando ya maelezo ya kiolezo, nikayasoma mstari kwa mstari. Mstari wa sita kwenye ghala: msingi uchimbwe kina cha milimita 600 hadi kwenye changarawe ngumu. Mstari wa sita kwenye kiolezo: vilevile, hata mkato uliokosewa ulikuwa palepale. Kule Geita, kwenye ule udongo mwekundu, maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Mwandishi wake ni mimi. Kwenye kisanduku cha kona, penye "imechorwa na", palikuwa na M.K., kwa sababu ghala nililichora mimi. Nilifuta jengo lote nikajisahau mwenyewe kwenye kona.

Bado nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Ndipo nilipokiona kikaratasi cha njano kilichobandikwa chini ya kioo cha kompyuta yake. Kilikuwa kimekunjamana pembeni, cha miezi mingi. Mwandiko ulikuwa wangu. *Usiguse maelezo. Yote nimehakiki. M.K.*

Hapo nikakumbuka. Alikuja mezani kwangu, nilikuwa na kazi ya haraka, akasema, "Samahani Mama, haya maelezo ya chini, kila jengo niyaache hivi hivi?" Mimi nikasikia mtu anayetaka kukichezea kiolezo changu. Nikachukua kikaratasi, nikaandika, nikamkabidhi bila kumtazama usoni. Naye, badala ya kukitupa, alikibandika mahali atakapokiona kila siku.

Nitawaambia jambo ninaloona aibu kulisema. Sikwenda kwa Injinia Deo siku hiyo, wala kesho yake. Nilikibandua kikaratasi nikakitia kwenye mkoba. Siku mbili nilikaa nacho. Nilichora, nilikula, nilisalimia watu. Kila nikijaribu kusimama niliwaza miaka yangu yote ya kazi na jinsi watu watakavyocheka. Kilichonitoa kwenye kiti ni yule mama wa kwenye benchi. Sikumjua jina. Nilikuwa namwona tu, amekaa, anasubiri mwenzake amalize.

Siku ya tatu niliingia ofisini kwa Injinia Deo, nikaweka kikaratasi mezani, nikaeleza yote.

Alikisoma. Akainuka akafunga mlango. "Mama Kulwa," akasema kwa sauti ya chini, "unastaafu hivi karibuni. Jambo hili limeshakaa mahali pake. Ambokile bado ana umri, atapata kazi kwingine. Kwa nini ujichafue?"

"Na saini iliyopitisha mchoro ni ya nani?" nikamuuliza.

Alikuwa amesaini yeye, naye hakuusoma mstari wa sita, kwa sababu alikuwa ameuona kwenye michoro mingi kiasi kwamba macho yake yalishaacha kuuona. Nikaelewa kwamba anayetaka kufichwa siyo mimi peke yangu.

"Injinia, mimi nakwenda kwa Ambokile leo," nikasema. "Nikitoka huko nampigia simu mwenye jengo, namweleza kama nilivyokueleza wewe. Ukitaka kusema kabla yangu, una mchana huu."

Alikigeuzageuza kile kikaratasi. Kisha akavuta simu ya mezani. Sikusubiri kusikia.

Ambokile alikuwa anaishi hapohapo Kalangalala, nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Nilimkuta uani anatengeneza redio ya jirani. Mke wake, Mama Tumaini, alinipa stuli, akaingia ndani na kuacha mlango wazi. Nadhani alitaka kusikia, na haki hiyo alikuwa nayo.

"Shikamoo, Mama," Ambokile akasema. Hata siku hiyo.

"Marahaba. Uliniuliza kuhusu maelezo."

"Nilikuuliza."

"Nikakuandikia karatasi."

"Uliniandikia."

"Siku ile kwa Injinia, mbona hukuitaja?"

Akaweka bisibisi chini. "Niliitaja, Mama. Nilisema uliniambia nisiguse. Ukasema sijawahi kukuuliza. Sasa ningekimbilia kwenda kubandua karatasi nikuoneshe mbele ya bosi, mtu mzima kama wewe? Nilidhani utakumbuka ukifika nyumbani. Nikasubiri simu yako. Siku ya kwanza. Ya pili."

Hiyo siku ya pili kikaratasi kilikuwa tayari kwenye mkoba wangu. Nikamwomba radhi, kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kunisaidia mimi.

"Lakini nilikukosea nini?" akauliza. "Tangu nimefika unanitazama kama mwizi."

"Nilidhani unataka nafasi yangu."

Akacheka, kicheko kikavu. "Mama, Injinia ananiita ofisini kwake nimtoe virusi kwenye kompyuta. Anafungua mafaili ya ajabu ajabu huyo, hataki watu wajue."

Ndani nilimsikia Mama Tumaini naye akicheka, kisha akajizuia.

Ambokile alirudi kazini wiki iliyofuata. Wodi ilisimamishwa. Ule upande uliopasuka ulibomolewa, na udongo mweusi ukachimbwa mpaka Masanja akafika kwenye tabaka gumu, mita moja na nusu na zaidi. Wakajaza moramu, ule udongo wa changarawe, na kuishindilia safu kwa safu, kisha wakamwaga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka jengo lote. Akina mama wa kijiji kile walisubiri muda mrefu zaidi kwa sababu yangu. Mwenye jengo alituandikia barua kali, nayo ilinitaja kwa jina kamili, safari hii kwa haki.

Kiolezo tulikitengeneza upya, mimi na Ambokile, tumekaa kompyuta moja. Yeye ndiye aliyenionesha kwamba kisanduku cha kona kinaweza kutegwa kikuulize: nani amechora, nani amekagua, wapi. Usipojibu, panabaki alama za kuuliza kubwa zinazotia aibu ukichapa. Kwenye maelezo ya msingi tuliondoa kila tarakimu. Tukaacha sentensi moja: kina kitaandikwa baada ya kuona shimo la majaribio la eneo hili. Mwenye haraka atakereka. Akereke tu. Fremu, herufi na unene wa mistari havijali kama uko Geita au Kishapu, hivyo viache kwenye kiolezo. Lakini chochote kinachotegemea ardhi, maji, upepo au mtu, kiandike upya kila mara kwa mkono wako, hata kama unajua kitafanana na cha jana.

Mnaniuliza kama tulikuwa marafiki baada ya hapo. Tulifanya kazi vizuri. Shikamoo ilikuwepo kila asubuhi. Lakini Ambokile hakupokea tena neno langu bila kulifungua na kutazama ndani, nami sikumlaumu.

Wiki yangu ya mwisho nilimpa mchoro wa uzio wa shule aupeleke kuchapwa. Aliuweka mezani badala ya kuupeleka. Akachukua kalamu nyekundu, akaanza kusoma kuanzia mstari wa kwanza, polepole, kidole kikitembea chini ya maneno, na mimi nimesimama pembeni yake kama mwanafunzi. Nilitaka kumwambia nimeshauhakiki. Nikajizuia.

Kwenye mstari wa nne kidole kilisimama.

"Mama Kulwa," akasema, "hebu sogea uone hapa."

Nikavaa miwani, nikainama. Alikuwa sahihi.